Padilla dhidi ya Kentucky: mwenye grini kadi anapokiri kosa mahakamani

Mwaka 2001 dereva wa lori aitwaye Jose Padilla alisimamishwa kwenye kituo cha mizani katika Kaunti ya Hardin, jimboni Kentucky, chini ya mwendo wa saa moja kusini ya Louisville. Lori halikuwa na namba ya kodi ambayo jimbo hilo huwatoza wenye malori kulingana na uzito na umbali. Ndani ya trela maofisa walikuta bangi ya zaidi ya pauni 1,000, yaani zaidi ya kilo 450. Padilla alizaliwa Honduras. Alikuwa mkaazi halali wa kudumu wa Marekani, yaani mwenye grini kadi, kwa zaidi ya miaka 40, na alilitumikia jeshi la nchi hiyo wakati wa vita vya Vietnam. Uraia hakuwa nao. (Asichanganywe na mtu mwingine wa jina hilohilo aliyekamatwa Chicago mwaka 2002 kwa tuhuma za ugaidi. Huyo ni mwingine kabisa.)

Kesi yake inafaa kusomwa na kila Mswahili anayeishi Marekani kwa grini kadi, kwa hadhi ya ukimbizi au kwa viza. Louisville na Lexington leo zina jamii kubwa za wanaozungumza Kiswahili, wengi wao kutoka Kongo, na madereva wa malori miongoni mwao si haba. Kesi ya Padilla ilipita hatua zilezile ambazo kesi ya jinai ya kawaida hupita, ikaharibikia pale ambapo kesi nyingi za Marekani huishia. Hapo ni kwenye kikao kifupi cha kukiri kosa, wala si kwenye usikilizwaji wenye mashahidi na juri tunaouona kwenye filamu. Kinachosemwa katika kikao hicho husomwa baadaye na ofisi nyingine, ya uhamiaji, ambayo siku ile haikuwa na mtu chumbani.

Tuanze pale mizani.

Polisi wa Marekani akitaka kupekua gari ana njia tatu kuu. Ya kwanza ni hati ya upekuzi iliyosainiwa na jaji. Ya pili ni kuwa na sababu ya msingi ya kuamini kwamba ndani ya gari mna kitu haramu. Tangu mwaka 1925 Mahakama ya Juu ya Marekani imekubali kwamba gari, kwa kuwa linaweza kuondoka, halihitaji hati ikiwa sababu hiyo ipo. Njia ya tatu ndiyo inayowaponza wengi: dereva kukubali mwenyewe. Ofisa huuliza kwa upole, "Una shida nikiangalia nyuma?" Dereva, kwa heshima au kwa woga, hujibu, "Angalia tu." Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1973 kwamba polisi halazimiki kumwambia mtu kuwa ana haki ya kukataa. Ukishakubali, wakili wako atapata tabu sana baadaye kudai kwamba upekuzi ulikuwa haramu.

Madai hayo yana uzito, kwa sababu ushahidi uliopatikana kinyume cha Katiba huondolewa kwenye kesi. Kanuni hiyo inazifunga mahakama za majimbo tangu 1961. Wakili huwasilisha ombi la kuuondoa ushahidi, jaji akasikiliza maofisa waliopekua, na ombi likikubaliwa mara nyingi kesi ya dawa za kulevya inabaki haina miguu. Ila mtu akikiri kosa bila masharti, ombi hilo analiacha. Kentucky inaruhusu kukiri kwa masharti, ambako mshtakiwa anabakiwa na haki ya kukata rufaa juu ya upekuzi, lakini lazima iandikwe kwenye makubaliano. Haiji yenyewe.

Kuhusu onyo la haki ya kunyamaza, lile lililotokana na kesi ya Miranda ya 1966, watu wengi wanaamini kwamba polisi asipolisoma kesi inakufa. Haifi. Onyo linatakiwa pale tu mtu akiwa chini ya ulinzi na anahojiwa, na lisiposomwa kinachoondolewa ni maneno yake. Bangi iliyoko kwenye trela inabaki pale pale. Kunyamaza kimya kimya nako hakutoshi, kwani mahakama inataka mtu atamke kwamba anaitumia haki hiyo. Sentensi mbili zinatosha: sitajibu maswali, nataka wakili. Kwa asiye raia kuna jambo jingine zito kuliko hilo. Usidanganye kuwa wewe ni raia wa Marekani. Kudai uraia kwa uongo ni sababu ya kufukuzwa nchini inayojitegemea, hata kama lile kosa la mwanzo likifutwa.

Baada ya kukamatwa unafuata mwonekano wa kwanza mbele ya jaji. Aliyekamatwa bila hati anatakiwa awe amepata jaji wa kupima kama kuna sababu ya msingi ya kumshikilia, kwa kawaida ndani ya saa 48. Kipimo hicho cha saa kiliwekwa mwaka 1991. Hapo anasomewa tuhuma, anaulizwa kuhusu wakili, na suala la dhamana linazungumzwa. Asiye na uwezo anajaza fomu ya kueleza kipato chake na anapewa wakili wa utetezi anayelipwa na serikali. Haki hiyo imezibana mahakama zote za majimbo kwa kesi za feloni, yaani makosa makubwa, tangu hukumu ya Gideon ya 1963, na tangu 1972 imefika hadi kwenye makosa madogo ambayo mtu anafungwa kweli. Mawakili hawa wana leseni kamili na wengi ni hodari sana kwenye jinai. Kinachowapungukia ni muda. Sheria ya uhamiaji kwao ni nchi ya kigeni, na hilo ndilo litakaloleta balaa huko mbele.

Kentucky ni moja ya majimbo machache yaliyopiga marufuku kampuni za kudhamini watu kwa malipo. Ilifanya hivyo mwaka 1976. Badala yake mtumishi wa mahakama humhoji mshtakiwa kuhusu kazi, makazi na familia, na jaji huamua kama atoke kwa ahadi yake au kwa fedha iliyowekwa mahakamani moja kwa moja.

Kwa asiye raia, hapa kuna mtego ambao familia nyingi huuingia zikiwa na nia njema. Alama za vidole zinazochukuliwa jela huenda FBI na kutoka huko hulinganishwa na kumbukumbu za uhamiaji. Mfumo huo umeenea nchi nzima tangu 2013. Ofisi ya uhamiaji ikivutiwa, huipelekea jela ombi la kumshikilia mtu kwa hadi saa 48 baada ya muda wake wa kuachiwa, ili wao waje kumchukua. Kwa hiyo ndugu wanachangishana, wanalipa dhamana, mtu wao anatoka mlango wa jela na kuingia kwenye gari la uhamiaji. Sasa yuko mahabusu ya kiraia, pengine jimbo jingine, na kesi ya jinai inaendelea bila yeye. Kabla ya kulipa hata dola moja, wakili aulizwe: je, kuna ombi la uhamiaji la kumshikilia? Swali hili limekuwa kali zaidi tangu Januari 2025. Sheria iliyosainiwa mwezi huo inataka baadhi ya watu wasio na kibali cha kuingia washikiliwe na uhamiaji kwa kukamatwa tu kwa tuhuma kama wizi wa dukani, kabla ya hukumu yoyote.

Mtanzania ajue pia kwamba nchi yake imo kwenye orodha ya zile ambazo balozi zake hujulishwa raia wao akikamatwa, aombe asiombe. Wa nchi zisizo kwenye orodha hiyo huulizwa kama anataka ubalozi wake uambiwe.

Kwa tuhuma ya feloni Kentucky hufuata hatua mbili za kuchuja. Mahakama ya wilaya hufanya usikilizwaji wa awali, ndani ya siku 10 kama mtu yuko ndani na siku 20 kama yuko nje, ili kuona kama kuna sababu ya kuipeleka kesi mbele. Kisha inakwenda kwa juri kuu, raia 12 wanaokaa faragha na kusikiliza upande wa mashtaka peke yake. Wakikubaliana 9, hati ya mashtaka inatoka. Wakili wa utetezi hana nafasi ya kujibu mle ndani, ndiyo maana hati hizo hutoka kwa wingi na hazipimi hatia. Juri kuu lisipotoa hati ndani ya siku 60, aliyeko mahabusu ana haki ya kuachiwa, ingawa kesi yenyewe haifi. Padilla alitolewa hati yenye mashtaka manne: kufanya biashara ya bangi inayozidi pauni 5, kumiliki bangi, kumiliki vifaa vya dawa za kulevya, na kuendesha lori bila ile namba ya kodi. La kwanza ndilo feloni lililobeba kesi.

Hati ikishatoka, mshtakiwa anasimama mbele ya mahakama ya mzunguko, yenye mamlaka ya feloni, na kuulizwa anajibu nini. Karibu kila mtu hujibu kwamba hana hatia, na ndivyo inavyopasa. Wapo ndugu zetu wacha Mungu wanaoona kwamba kusema hivyo ilhali wanajua walichofanya ni kusema uongo mbele ya jaji. Si uongo. Mahakama haikuulizi kama ulifanya. Inakuuliza kama unataka upande wa mashtaka uthibitishe. Kukana siku ya kwanza ndiko kunakompa wakili nafasi ya kuona ripoti za polisi, majibu ya maabara na video, pamoja na ushahidi wowote unaomsaidia mshtakiwa, ambao upande wa mashtaka unawajibika kuutoa tangu hukumu ya Brady ya 1963. Bila karatasi hizo hakuna anayeweza kujadili bei ya kesi.

Na bei ndiyo inayojadiliwa. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu yenyewe iliandika kwamba asilimia 97 ya hukumu za hatia katika mahakama za shirikisho, na asilimia 94 katika majimbo, zinatokana na kukiri. Tanzania iliingiza makubaliano ya kukiri kosa katika sheria yake mwaka 2019 na Kenya mwaka 2008, kwa hiyo wazo si geni kwa wasomaji wetu. Marekani, hata hivyo, huo ndio mfumo wenyewe. Mwendesha mashtaka hupunguza mashtaka au miaka. Mshtakiwa hutoa juri, mashahidi na karibu rufaa yote.

Padilla alipewa ofa hii: akiri mashtaka matatu ya dawa za kulevya, lile la kodi lifutwe, apate jumla ya miaka 10, mitano ndani na mitano nje chini ya uangalizi. Itazame vizuri. Biashara ya bangi inayozidi pauni 5, kwa kosa la kwanza, ilikuwa feloni ya daraja C, yenye kifungo cha miaka 5 hadi 10. Kwa hiyo ile miaka 10 kwenye karatasi ilikuwa kilele cha shtaka kubwa alilokabiliwa nalo. Alichofaidika ni kwamba nusu yake angeitumikia nje. Kwa raia aliyekutwa na zaidi ya kilo 450 kwenye trela, hiyo ni ofa ya kufikiriwa. Kwa mtu atakayepoteza nchi aliyoishi miaka 40, hesabu ni nyingine kabisa, kwa sababu miaka mitano ya nje hataiona.

Kwa maelezo ya Padilla, wakili wake hakumwambia hayo. Alimwambia asiwe na wasiwasi kuhusu hali yake ya uhamiaji, kwa kuwa alikuwa amekaa nchini muda mrefu. Mwaka 2002 Padilla alikiri.

Ushauri huo ulikuwa na kasoro gani? Haukuhitaji bingwa kuuona. Sheria ya uhamiaji inasema kwamba asiye raia anaweza kufukuzwa akitiwa hatiani, wakati wowote baada ya kuingia nchini, kwa kosa lolote linalohusu dawa zinazodhibitiwa. Kuna msamaha mmoja tu: kosa moja la kumiliki bangi isiyozidi gramu 30 kwa matumizi yake mwenyewe. Upande mmoja gramu 30, upande wa pili kilo 450 na neno biashara juu yake. Muda wa kuishi nchini hautajwi kabisa. Kibaya zaidi, biashara ya dawa za kulevya imo kwenye orodha ya makosa ambayo uhamiaji huyaita feloni nzito, na mtu akiingia humo jaji wa uhamiaji hana tena mamlaka ya kumfutia amri ya kufukuzwa kwa kuangalia watoto, kazi au utumishi wa jeshi.

Haikuwa hivyo zamani. Kuanzia 1917 hadi 1990 jaji aliyesikiliza kesi ya jinai aliweza kupendekeza kwamba mtu asifukuzwe, na pendekezo lake liliifunga serikali. Bunge liliifuta njia hiyo 1990, na mwaka 1996 likafuta sehemu kubwa ya huruma iliyokuwa imebaki upande wa uhamiaji. Nadhani hapa ndipo mawakili wengi wa kizazi kile waliponaswa: walijifunza kazi wakati ambapo mkaazi wa miaka mingi alikuwa na mahali pa kuombea. Kufikia 2002 hapakuwa na mahali.

Kikao cha kukiri chenyewe hakikumwokoa. Jaji humuuliza mshtakiwa kama anaelewa kwamba anaacha haki ya kusikilizwa na juri, haki ya kutojishuhudia na haki ya kuwahoji mashahidi. Mambo hayo matatu lazima yaonekane kwenye kumbukumbu tangu 1969. Humuuliza kama amelazimishwa, kama ametumia dawa zinazomchanganya, kama ameridhika na wakili wake. Majibu ni ndiyo, hapana, hapana, ndiyo. Kwa mwenye kuhitaji mkalimani Kentucky humpa bure, na amtumie huyo hata kama Kiingereza cha dukani anakimudu; ndugu au mtoto asitafsiri. Mkalimani wa Mombasa na mshtakiwa wa Uvira wanaweza kupishana, na kikao ndiyo mahali pa kusema "sijaelewa, rudia". Kila ndiyo iliyotamkwa pale itasomwa dhidi ya mtu huyo siku atakapodai kwamba hakujua.

Padilla alipogundua, alirudi mahakamani mwaka 2004 kwa ombi la baada ya hukumu, akidai kwamba hakupata msaada wa wakili unaotakiwa na Marekebisho ya Sita ya Katiba. Mahakama ya chini ilikataa, ya rufaa ikamsikiliza, na mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya Kentucky ikamfungia mlango. Hoja ya mahakama hiyo ilikuwa kwamba kufukuzwa nchini si adhabu ya kesi ya jinai. Ni tokeo la pembeni, kwa hiyo Katiba haimgusi wakili aliyelikosea, hata akisema uongo mtupu.

Mahakama ya Juu ya Marekani iliitengua hukumu hiyo tarehe 31 Machi 2010, majaji saba dhidi ya wawili. Jaji John Paul Stevens, akiandika kwa niaba ya majaji watano, alisema kufukuzwa ni adhabu kali ya aina yake na imefungamana mno na hukumu ya jinai kiasi kwamba haiwezi kuwekwa pembeni. Wajibu wa wakili una sura mbili. Sheria ikiwa wazi kwamba hukumu itamfukuza mteja, amwambie hivyo na amwambie kwa usahihi. Sheria ikiwa haiko wazi, amweleze angalau kwamba mashtaka yanaweza kuhatarisha hali yake ya uhamiaji. Serikali ya shirikisho ilitaka wakili awajibike pale tu anapotoa ushauri wa uongo. Mahakama ilikataa, kwa sababu hilo lingemfanya wakili anyamaze ili awe salama, na wanaoumia kwa ukimya huo ni wale wasioweza kuuliza maswali yao wenyewe.

Jaji Samuel Alito, akiungwa mkono na Jaji Mkuu John Roberts, alikubali matokeo lakini akaona wajibu huo ni mpana mno: wakili asipotoshe, na amshauri mteja amwone mtaalamu wa uhamiaji. Wasiwasi wake una msingi. Sheria ya uhamiaji ni msitu, na wakili wa jinai mwenye mafaili mengi mezani hawezi kuujua wote. Lakini mshtakiwa maskini ataambiwa "nenda kwa mtaalamu", na mtaalamu huyo ni wa kulipwa. Katika mahakama ya uhamiaji kwenyewe serikali haimlipii mtu wakili. Kesi ya jinai ndiyo mahali pa mwisho anapokuwa na wakili wa bure kando yake. Antonin Scalia na Clarence Thomas walipinga, wakisema Katiba inahusu utetezi dhidi ya mashtaka tu na kwamba maonyo ya namna hii yangewekwa na mabunge.

Ushindi huo ulikuwa nusu. Tangu 1984 anayedai wakili wake alishindwa kazi huthibitisha mambo mawili: kwamba kazi ilikuwa chini ya kiwango, na kwamba kasoro hiyo ilimdhuru. Kwa aliyekiri kosa, madhara maana yake ni kwamba kuna uwezekano wa kutosha kuwa angekataa kukiri na kudai juri. Mahakama ya Juu iliamua la kwanza, tena kwa kuyachukulia madai ya Padilla kuwa kweli, na kulirudisha la pili Kentucky. Mwaka 2012 mahakama ya rufaa ya jimbo ilikubali kwamba alidhurika na kuamuru hukumu yake ifutwe. Kufutwa hakumaanishi kuachiwa huru. Mtu hurudishwa pale alipokuwa kabla ya kukiri, mashtaka yakiwa hai, na upande wa mashtaka ukiwa huru kuanza upya au kujadili upya. Mtu anayelipia ombi kama hili lazima aelezwe hilo waziwazi, kwa sababu kuna anayerudi kukabili kifungo kirefu kuliko alichomaliza.

Kwa wanaokabiliwa na mashtaka leo, faida kubwa ya kesi hii iko kabla ya kukiri. Mwendesha mashtaka na wakili sasa wanaweza, na wanapaswa, kuweka uhamiaji mezani. Mara nyingi mwendesha mashtaka wa jimbo hajali mtu amekiri kifungu gani, ilimradi amekiri kitu na adhabu inaonekana ya haki. Kwa uhamiaji, kifungu ndicho kila kitu. Mifano miwili ya Kentucky inaonyesha jinsi tofauti ndogo inavyouma.

Wa kwanza ni wizi mdogo. Kosa dogo la daraja A lina kifungo cha juu cha miezi 12. Ofa kwa mwizi wa dukani aliyeshtakiwa kwa daraja hilo inaweza kuwa miezi 12 yote ikisimamishwa: hakuna siku ya jela, nenda nyumbani, usirudie. Raia anashukuru na kuondoka. Kwa uhamiaji, wizi wenye kifungo cha mwaka mmoja au zaidi ni feloni nzito, na kifungo kilichosimamishwa kinahesabiwa kama kilichotumikiwa. Siku 364 zilizosimamishwa hazifiki huko. Wakili anayejua ataomba siku moja ipunguzwe, na mwendesha mashtaka asiyepoteza chochote mara nyingi atakubali, lakini lazima aombwe kabla ya jaji kusaini. Hata siku 364 haziondoi hatari zote, maana wizi una matatizo mengine ya uhamiaji, ila zinamwachia jaji wa uhamiaji mlango wa kumsikiliza mtu.

Wa pili unaumiza zaidi kwa sababu unafanana na msamaha. Kwa feloni za daraja la chini kabisa, D, Kentucky ina utaratibu wa kuchepusha kesi: mtu akikaa vizuri kwa muda uliowekwa, mashtaka yanafutwa. Sharti la kuingia ni kukiri kosa kwanza. Mwisho wa muda jimbo linasema hana hukumu. Uhamiaji inasema anayo, kwa sababu tangu 1996 sheria yake inatambua kuwa hukumu ni kukiri kosa pamoja na adhabu au kizuizi chochote kwa uhuru wa mtu. Anayekwenda kuomba uraia akiwa na karatasi ya "kesi imefutwa" mkononi anashangaa kuanzishiwa kesi ya kufukuzwa. Njia salama ni utaratibu wa kuchepusha usiodai kukiri, pale unapopatikana, au kubadilisha shtaka lenyewe.

Kwa aliyekwisha kukiri, mambo ni magumu zaidi. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ilisema kanuni ya Padilla hairudi nyuma: hukumu iliyokamilika kabla ya 31 Machi 2010 hainufaiki nayo kupitia mahakama za shirikisho. Kwa za baada ya hapo, hukumu ya Lee ya 2017 ni ya matumaini. Lee, mzaliwa wa Korea Kusini aliyekulia Marekani, alikiri huko Tennessee kumiliki vidonge vya kulevya vya ecstasy kwa nia ya kuviuza, baada ya wakili kumhakikishia hatafukuzwa. Kikaoni jaji alimuuliza kama uwezekano wa kufukuzwa unaathiri uamuzi wake. Akajibu ndiyo, akasema haelewi, kisha wakili akamtuliza kwamba hilo ni onyo la kawaida tu. Majaji sita dhidi ya wawili walikubali kwamba angeweza kuchagua juri hata kama nafasi ya kushinda ilikuwa ndogo sana. Kilichombeba ni maneno yake mwenyewe yaliyorekodiwa siku ile. Mahakama ilisema wazi kwamba haitoshi mtu kudai baadaye kuwa angekataa. Lazima kuwe na ushahidi wa wakati ule.

Onyo la maandishi nalo limeongezeka. Fomu ya Kentucky ya ombi la kukiri kosa, toleo la Februari 2003, inataja athari za uhamiaji, na mahakama za shirikisho zimelazimika kutoa onyo hilo kikaoni tangu Desemba 2013. Onyo hilo ni la jumla na halichukui nafasi ya ushauri wa wakili, lakini linampa mwendesha mashtaka hoja: uliambiwa, ukasaini.

Muda ndio unaowakosesha wengi. Kentucky inatoa miaka 3 tangu hukumu kukamilika kuleta ombi kama la Padilla, isipokuwa kwa sababu finyu. Wengi hujua habari zao wanapotaka kufanya upya grini kadi inayodumu miaka 10, wanaporudi kutoka safari ya nyumbani na kusimamishwa uwanja wa ndege, au wanapoomba uraia, na miaka 3 imekwisha pita zamani. Kwa hiyo yeyote asiye raia aliyewahi kukiri kosa lolote, hata dogo, apeleke karatasi zake kwa wakili wa uhamiaji kabla ya kusafiri au kujaza fomu yoyote. Zinazohitajika ni hati ya mashtaka, fomu ya kukiri aliyoisaini, hukumu yenye idadi kamili ya siku, na rekodi ya kikao. Kentucky hurekodi vikao vya mahakama ya mzunguko kwa video, na ofisi ya karani wa mahakama hiyo ndiko pa kuomba nakala kwa kutaja namba ya kesi na tarehe.